Mwigizaji wetu mkuu anaruka maneno. Nimvue nafasi?

Pazia Jekundu anauliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya watu waliowahi kukalia kiti cha mwongozaji, hasa kwenye vikundi vya kujitolea, ambako hakuna anayelipwa wala mkataba wa kumshikia mtu.

Tunaandaa igizo la familia inayogombea nyumba baada ya baba kufariki. Mhusika mkuu ni mjane. Yumo jukwaani tangu taa zinapowaka hadi zinapozimwa, na watoto wake wanne wote wanasubiri maneno yake ili wajue pa kuingilia. Nafasi hiyo anayo mama mmoja, miongoni mwa waanzilishi wa kikundi. Msidhani tulimpa kwa kumheshimu umri. Kwenye usaili aliwaacha wenzake mbali. Ana namna yake ya kunyamaza ambayo humfanya hata mwenye kikohozi akibane.

Shida ni maneno. Sehemu ya kwanza anaimudu vizuri. Tukifika sehemu ya pili, kwenye ugomvi wa hati ya nyumba, anaruka. Juzi aliruka kurasa mbili nzima akaangukia kwenye laana ya mwisho, wakati kosa la kulaaniwa lilikuwa bado halijatendeka. Kijana anayecheza kifungua mimba alibaki na wosia mkononi, hajui ausome au aufiche. Wenzake wakacheka, mama hakucheka. Na tumebakiza mwezi mmoja.

Kuna binti anayetushikia muswada, yule wa kumtupia mtu neno akikwama. Nafasi nzima ya mjane anayo kichwani. Siku ambazo mama hafiki, binti ndiye husimama mahali pake. Umri wa mjane hana, ila kipaji anacho.

Kamati imeniita pembeni: "Mpe binti. Mama mwambie apumzike." Mmoja wao akaongeza kwamba tupange mazoezi ya ziada siku ambazo tunajua mama hawezi kuja, binti azoee, halafu ndipo tuseme. Hapo nikashikwa na kigugumizi. Mama huyu ndiye pia anayetushonea maleba. Gauni la mjane amelishona kwa kipimo chake mwenyewe.

Je, ni haki kumbadilisha? Na kama ni haki, inafanywaje bila kumdhalilisha mtu mzima?

---

Mkata Tiketi:

Mkuu, mimi nitasema wazi. Nafasi kwenye igizo si shamba la urithi. Watu watatoka makwao waje wakae gizani saa mbili wakusikilize, nao wana haki yao. Wale watoto wanne wa mjane nao wamejitolea kama yeye, wamekariri, wamekosa jioni zao. Mtu mmoja akiruka kurasa mbili, wao ndio wanaoonekana hawajui kazi.

Na tusifanye nafasi kuwa kitu kitakatifu. Augusto Boal wa Brazili aliasisi aina nzima ya maigizo ambayo mtazamaji anasema "simama!", anapanda jukwaani na kuchukua nafasi ya mhusika mkuu ili ajaribu kutatua tatizo kwa njia nyingine. Mwigizaji anampisha, anakaa pembeni, na hakuna anayelia. Badilisha, mshukuru mama, mpe kazi nyingine. Mwezi unatosha.

---

Sauti ya Nyuma:

Mkata Tiketi, kwa Boal kila mtu anajua kanuni hiyo kabla ya kuanza. Mwigizaji anaingia jukwaani akijua atapishwa. Ndio mchezo wenyewe. Huyu mama aliambiwa nafasi ni yake.

Mimi nilivuliwa nafasi katika kikundi ambacho sitakitaja. Sikuambiwa na mtu. Nilifika mazoezini nikakuta vipeperushi vimeshachapwa, nafasi yangu ina jina la mwenzangu, na mwenzangu mwenyewe anaangalia sakafu. Nikauliza, nikajibiwa "tulidhani umeshaambiwa." Huenda kweli nilikuwa sifai, sijui, maana hakuna aliyewahi kuniambia nilipungukiwa nini. Niliweza kumeza kuondolewa. Ambacho hakikumezeka ni kwamba watu niliokuwa nacheka nao kwa majuma kadhaa wote walikuwa wanajua.

Kwa hiyo lile pendekezo la mazoezi ya kificho, naomba mlizike hapo hapo kwenye kamati.

---

Kona ya Giza:

Pazia, mimi si mwongozaji. Kazi yangu ni usimamizi wa jukwaa, ile ya kusimama kwenye giza la pembeni na muswada na tochi, na waigizaji wanaoruka nimewaona wa kila aina. Kabla hujauliza kama ni haki kumbadilisha, jiulize anaruka nini.

Chukua muswada wako. Fungua pale anapotokea na pale anapoangukia. Nina karibu hakika utakuta mstari unaofanana sehemu zote mbili: mtoto anamwambia neno lile lile, au yeye mwenyewe anajibu kwa sentensi ile ile. Hivi ndivyo watu wanavyoruka. Mwigizaji hakariri karatasi, anakariri njia: nikisikia hili nasema lile, nikisema lile nasogea kule. Njia mbili zikianza kwa neno moja, siku akichoka anapita ile ndefu au ile fupi, basi. Hata kijana wa miaka ishirini anapotea hapo. Ukimkuta anaruka mahali pale pale kila mara, umri wake usiuguse kabisa. Akiwa anapotea mahali tofauti kila siku, leo mwanzoni, kesho mwishoni, au anapoteza hata yale aliyokuwa anayajua mwezi uliopita, hilo ni jambo lingine.

Kama ni mstari pacha, dawa yake ni ya jukwaani. Mara ya kwanza aseme akiwa amekaa, mara ya pili akiwa amesimama mlangoni. Au mpe kitu mkononi: ule wosia uwe kwake mara ya pili, mwili utamkumbusha. Kubadilisha maneno yenyewe ni rahisi zaidi, ila igizo likiwa la mtunzi aliye hai, au lenye hakimiliki, muombe ruhusa kwanza. Hilo nalo ni suala la haki, ingawa vikundi vyetu hupenda kulisahau.

Pili, usiiache hofu nje ya hesabu. Laurence Olivier, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Uingereza wa karne iliyopita, alishikwa na hofu ya jukwaa miaka ya 1960, akiwa ameshapata kila sifa inayopatikana. Aliwaomba wenzake wasimtazame machoni wakiwa jukwaani. Huyo ni Olivier! Sasa wewe umesema wenzake walicheka. Angalia kama tangu siku hiyo anaruka zaidi. Mimi ningeanza na hao wacheshi kabla ya kumgusa mama.

Nakubaliana na Mkata Tiketi kwa jambo moja: kuna wakati mtu inabidi apishe, na kulikwepa hilo si huruma. Mwigizaji Michael Gambon mwaka 2009 alijitoa kwenye igizo la National Theatre kule London kwa sababu za kiafya wakiwa bado mazoezini, Richard Griffiths akashika nafasi yake. Mwaka 2015 akatangaza kwamba jukwaa basi, kumbukumbu haimruhusu tena. Alikuwa ameshajaribu hata kusomewa maneno kwa kifaa cha sikioni. Kumwacha mtu aumbuke mbele ya ukumbi uliojaa kwa sababu wewe mwongozaji unaogopa mazungumzo ya robo saa, huo ni ukatili uliovalishwa kanga ya heshima.

Lakini tazama tofauti. Gambon alijua hali yake, akasema mwenyewe. Kamati yako inataka mama awe wa mwisho kujua habari zake mwenyewe. Yale mazoezi ya siri ni usaili. Mnamfanyia binti usaili wa nafasi ambayo ina mwenyewe, halafu siku ya kumwambia mama mtajifanya mnamshauri, wakati uamuzi umeshakauka. Kwenye kikundi cha kujitolea nafasi ndiyo mshahara wenyewe. Hakuna kingine mnachompa mtu. Huwezi kumkata mtu mshahara kwa kumvizia.

Na kuna mtu mmoja hajatajwa na yeyote hapa: binti. Alikuja kushika muswada. Nani amemuuliza kama anataka kuvaa gauni la mama huyo, tena mbele ya mama huyo, katika kikundi ambacho ataendelea kuwamo? Akisimama mahali pa mtu siku mtu hayupo, anamsaidia. Mkimpanga siku za makusudi bila kumwambia kwa nini, mnamfanya mnyang'anyi bila idhini yake. Baadaye maneno yatamrudia yeye. Kamati haitakuwepo.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningemwita mama peke yake, kabla ya mazoezi, kamwe si baada, maana baada ya mazoezi mtu ameshachoka na ameshajilaumu njia nzima. Usimpeleke mbele ya kamati, kamati ya watu watano ni mahakama. Mwambie ulichokiona, ukurasa na mstari, bila neno "umri" na bila "watu wanasema." Muulize yeye anaonaje. Watu wazima wengi wanajua kabla yako, na wanangoja kuona kama utawaambia au utawazunguka. Kisha wekeni siku moja ya kupima: sehemu ya pili yote bila muswada, na mkubaliane leo hii kitakachofuata ikishindikana. Binti awe na taarifa hiyo hiyo, kutoka kwako, siku hiyo hiyo.

Jambo dogo la mwisho. Ikifikia kumbadilisha, msimtangazie ugonjwa asiokuwa nao. Na jamani, msimpe lile gauni alipunguze.

---

Mkata Tiketi:

Hilo la gauni limenipata. Lakini mwezi mmoja, mkuu. Siku ya kupima ikifeli mtabaki na majuma mangapi? Binti anahitaji muda wa kuzoeana na wale watoto wanne pia. Haki kwa mama isiwe mzigo kwa wengine wote.

---

Kona ya Giza:

Ndiyo maana siku iwe ya karibu. Ikiwa mbali, mtakuwa mmempa mama matumaini na binti mateso.

---

Mzee wa Taa:

Mimi nawasha taa tu, lakini naona mnachagua kati ya vitu viwili kana kwamba ndivyo pekee. Igizo lina maonyesho kadhaa, sivyo? Wapo wanaogawana nafasi, huyu siku hii, yule siku ile, na wote wanajua tangu mwanzo. Ubaya wake ni kwamba mazoezi yanakuwa mara mbili na watoto wa mjane wanapata mama wawili wenye mwendo tofauti. Nimeona kikapendeza, nimeona kikavuruga. Kikiletwa dakika ya mwisho kama pipi ya kumnyamazisha mtu, huvuruga.

---

Pazia Jekundu:

Nimerudi, wakuu. Kona ya Giza, sijui wewe ni mganga au nini. "Nyumba hii haiuzwi" iko mara mbili. Mara ya kwanza anamwambia kifungua mimba, mara ya pili anawaambia wote kabla ya laana. Anaruka kutoka hiyo hadi hiyo. Tulikuwa tumemsimamisha mahali pale pale mara zote mbili, karibu na meza. Sasa ya kwanza anaisema akiwa anakunja nguo za marehemu, mgongo kwa watazamaji. Jana alipita bila kuruka, ingawa alikwama mahali pengine, mahali ambapo hakuwahi kukwama. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Nimeongea naye. Sikumaliza sentensi ya kwanza, akaniambia, "Nilikuwa nahesabu utachukua siku ngapi." Kisha akanieleza kwamba alikuwa ameanza kuja amechelewa makusudi ili binti apate muda wa kusimama pale. Mimi na kamati tulidhani anaugua. Tumepanga siku, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Binti naye nimemwambia, akalia, akasema nafasi anaitamani lakini si kwa njia ya kamati. Kamati bado wamenuna, wanasema nimepoteza wiki.

Kinachobaki ni vipeperushi. Mchapaji anataka majina kesho kutwa, kabla ya hiyo Jumamosi. Niandike nani?

---

Sauti ya Nyuma:

Usiandike. Weka jina la igizo, la mtunzi, mahali na saa. Majina ya waigizaji toeni kwenye karatasi ya mlangoni siku ya onyesho, hiyo mnaweza kuichapa usiku wa kuamkia. Na kwenye karatasi hiyo, mstari wa maleba, jina la mama liwepo vyovyote itakavyokuwa.

---

Mzee wa Taa:

Na la binti kwenye kushika muswada, akibaki huko. Vikundi vingi humsahau huyo.