Kobe yuko Ufaransa (gumzo la kikundi cha Ukoo wa Makorora)

*Jumanne, Mei*

Mama Salma: Asalaam alaykum jamani, tumeshavuka. Meli iliondoka Portsmouth asubuhi tukashuka Ouistreham alasiri, masaa sita majini na mzee hakusinzia hata kidogo, kasimama juu kofia mkononi upepo unampiga. Kobe, hili gari-nyumba letu, hana shida, sasa tumeegesha kijijini, simu inakamata kwa taabu

Shangazi Zena: Waalaykum salaam wifi. Alhamdulillah. Sasa mnalala wapi hapo na nani kawapa ruhusa

Mama Salma: Wifi huku vijiji vingi vimetenga uwanja kwa ajili ya magari-nyumba, wanauita aire, unaingia unaegesha, kuna mashine ya maji unatia euro mbili tatu unajaza tangi, pembeni shimo la kumwagia maji machafu na la kumwagia choo. Pengine bure kabisa pengine unalipa kidogo. Hapa tuko nyuma ya ofisi ya kijiji, kanisa mbele yetu, ng'ombe upande wa pili wa ukuta, na usiku huu sisi ndo wageni peke yetu

Salma: Mama umebeba zile sambusa??

Mama Salma: Za nyama nimeziacha kwa jirani, siku hizi kutoka Uingereza huruhusiwi kuingia Ulaya na nyama wala maziwa. Nimebeba za dengu na viungo vyote vya pilau

Juma: Anti shikamoo. Mwambie mjomba atuambie gari linakunywaje

Baba Salma: Dizeli. Jaza supamaketi usijaze barabara kuu, barabara kuu ghali

Juma: 😂😂 sawa mjomba. Na uzito?

Baba Salma: Tani 3 na nusu mwisho. Ukizidi hapo mambo mengine, stika za pembeni kuonyesha mahali dereva haoni, leseni nyingine, njia nyingine. Nilipima kabla ya kutoka, maji nikapunguza

Mama Salma: Alinipima mpaka masufuria yangu

*Jumatatu*

Ami Hamisi: Habari za huko shemeji. Wiki nzima sasa, mmefika Paris?

Mama Salma: Salama shemeji, za Muscat. Paris hatuendi

Ami Hamisi: Hamuendi?? Mtu anakwenda Ufaransa wiki sita haoni Paris? Mnara je? Mimi ningekuwa nimeshamaliza Paris, Nice, Monaco na nimerudi

Mama Salma: Shemeji nikujibu vizuri kwa sababu umeuliza na Salma pia aliniuliza. Mimi nimefanya kazi wodini miaka 28, zamu ya usiku zamu ya mchana, chai nimeinywa nimesimama, na kaka yako basi la jiji, kituo na dakika yake, ukichelewa dakika nne unaandikiwa. Ndoa yetu nzima imeishi na saa ya mtu mwingine, kuna wiki nyingine tulikuwa tunaonana mlangoni tu, mmoja anatoka mmoja anaingia, Salma anakumbuka. Sasa Mungu katupa pumzi na afya na hiki kigari tumekinunua kuukuu kwa pesa yetu, halafu niende tena kukimbizana na foleni ya mnara? Leo asubuhi tumekaa mlangoni kwa Kobe masaa mawili tunamwangalia mzee mmoja anapalilia vitunguu vyake. Masaa mawili. Mwisho akatuletea figili kwenye karatasi. Basi hiyo ndo Ufaransa niliyoijia

Shangazi Zena: Mwache shemeji yako apumzike Hamisi

Ami Hamisi: Nimeelewa shemeji. Samahani

Mama Salma: Hakuna samahani baba, karibu na wewe kitanda cha juu kipo

Salma: Chenonceau mlifika lakini? Ndo karibu na hapo

Mama Salma: Tumefika jana mwanangu. Ni jumba limejengwa juu ya mto, mto Cher unapita chini ya matao na juu yake ukumbi mrefu mrefu wa madirisha. Wenzangu walikuwa wanapiga picha maua mimi nimesimama pale ukumbini machozi yananitoka, maana nilisoma kwamba vita vya 1914 mpaka 1918 ukumbi ule ulikuwa wodi. Vitanda safu kwa safu, majeruhi zaidi ya 2,000 walipita pale. Nikawa nahesabu madirisha nafikiria nesi wa zamu ya usiku na taa yake, maji yanapita chini, mtu analia kwa maumivu na wewe uko peke yako. Mzee akanishika mkono hakusema kitu

Shangazi Zena: Mungu awarehemu wote

Juma: Mjomba barabara zikoje

Baba Salma: Nyembamba ila safi. Nje ya mji 80, tangu 2018, mikoa mingine wamerudisha 90. Mimi naenda 70. Akija mtu nyuma natafuta pembeni nampisha. Angalia kulia, mahali pasipo kibao anayetoka kulia ndo ana haki, hata kama ni kichochoro. Na vizuizi vya urefu kwenye maegesho, mita 2, sisi mita 2.9. Usifuate ramani ya simu ukaingia bila kutazama juu

Juma: Kumbe kama Kariakoo

Baba Salma: Hapana Juma. Huku wanakusubiri

*Alhamisi*

Mama Salma: Wifi Zena uko hewani? Nina kitu chako leo

Shangazi Zena: Nipo, nakuna nazi

Mama Salma: Tuko sehemu inaitwa Marais Poitevin, kijiji Coulon. Zamani yote hii ilikuwa ghuba ya bahari na kinamasi, wamonaki wakaanza kuchimba mifereji karne nyingi nyuma, sasa ni maji matulivu na mti mmoja mmoja pembeni na maji yenyewe yamefunikwa na vijani vidogo mpaka unadhani ni zulia. Na wifi, wanapiga PONDO. Vidau vyembamba vya bapa, mtu amesimama nyuma na mti mrefu anasukuma chini, sawasawa na kwetu. Zamani hata ng'ombe walihamishwa kwa vidau, na maharusi, na maiti. Mwenye kidau alimpa mzee ule mti ajaribu na mzee akaupokea kama hajaondoka pwani hata siku moja, tumekwenda moja kwa moja yule kijana akabaki anapiga makofi

Shangazi Zena: Mashaallah ndugu yangu. Baba alimfundisha akiwa na miaka saba, maji kujaa maji kupwa

Baba Salma: Mikono inakumbuka

Mama Salma: Halafu yule kijana akatibua tope chini kwa pondo, mapovu yakapanda, akawasha kiberiti, moto ukawaka juu ya maji. Ni gesi ya majani yaliyooza chini huko. Nimeshika roho

Ami Hamisi: Moto juu ya maji subhanallah

Salma: Mama swala mnafanyaje jua linazama usiku hivyo

Mama Salma: Magharibi karibu saa nne usiku, isha inakaribia saa sita. Tunalala kidogo mchana. Kibla kusini mashariki, mzee ana dira yake na mkeka tunatandika upande wa pili wa gari. Jana tulikuwa kwenye shamba la mbuzi, kuna mtandao wa wakulima unaitwa France Passion, unajiunga wanakupa stika na orodha, mkulima anakuruhusu kulala shambani kwake usiku mmoja bure, hulazimiki kununua kitu ila lazima ushuke umsalimie na ukiondoka umuage. Wengi ni wa mvinyo, sisi tunachagua wa asali na wa mbuzi. Yule mama alituona tunaswali akawaita mbwa wake ndani wasitusumbue. Asubuhi nikanunua jibini yake, ndefu kama kigogo imepakwa majivu na katikati imepitishwa unyasi

*Jumapili*

Salma: Mama wasimulie ya twiga 🦒

Shangazi Zena: Twiga yupi tena Ufaransa

Mama Salma: Hii nataka wote msome mpaka mwisho, hata wewe Hamisi. La Rochelle kuna makumbusho ya viumbe, unapanda ngazi za mawe, unainua macho, twiga huyu hapa amesimama kwenye ngazi anakutazama. Amekaushwa lakini mzima mzima. Huyu twiga alikamatwa Sudan akiwa mtoto, akateremshwa na Nile mpaka Misri, Muhammad Ali mtawala wa Misri akampeleka zawadi kwa mfalme wa Ufaransa, Charles wa Kumi. Melini walitoboa sakafu ya juu ili shingo itokeze. Wakashuka Marseille 1826, wakakaa baridi ipite, halafu tarehe 20 Mei 1827 wakatoka naye KWA MIGUU mpaka Paris. Kwa miguu jamani. Kilomita kama 880. Ng'ombe wa maziwa wanatangulia maana alikuwa anakunywa maziwa, mvua ikinyesha anavishwa koti lake, na vijiji vyote vilevile kama hivi tunavyopita sisi watu wanatoka mashambani kuja kumwona, hawajaona kitu kama kile toka wazaliwe. Wakafika tarehe 30 Juni. Na Msudani mmoja jina lake Atir alibaki Paris anamtunza. Twiga aliishi mpaka 1845

Shangazi Zena: Maskini. Peke yake bila mwenzake

Mama Salma: Ndo nilichosema mimi wifi. Mtoto wa mbuga, baridi ile, watu wote wanamkodolea macho. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza Leicester, Januari, na koti la kuazima. Nilisimama pale ngazini mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa

Ami Hamisi: Shemeji umenigusa. Mimi pia mwaka wa kwanza huku nilikuwa nalala na simu mkononi

Baba Salma: Kilomita 880 siku 41. Ni 21 na kitu kwa siku

Juma: Mjomba kashapiga hesabu 😂

Mama Salma: Toka jana amesema hatuzidi 60 kwa siku. Tulikuwa tufike Millau kule kusini kuona lile daraja refu, tumeghairi

Juma: Aah anti! Lile daraja mita 343 kwenda juu, nilitaka picha

Baba Salma: Litakuwepo Juma

*Jumatano, Juni*

Mama Salma: Tuko Montignac. Pango la Lascaux, ile michoro ya farasi na ng'ombe wa kale. Vijana wanne waliigundua Septemba 1940, watu wakaja wengi mno mpaka pumzi zao zikaanza kuharibu michoro, 1963 wakalifunga. Unaloingia ni pango la kuigwa, limefunguliwa 2016, nilidhani nitasikitika ila hapana, ndani giza na baridi na yale madume makubwa juu ya kichwa chako

Juma: Anti sisi tunayo Kondoa! Napita pale na lori Dodoma kwenda Babati, kibao kipo barabarani Kolo, iko kwenye Urithi wa Dunia toka 2006. Sijawahi kushuka

Baba Salma: Shuka

Juma: Mjomba mzigo una saa

Mama Salma: Safari ya kurudi mtupu Juma. Shuka siku hiyo, utupigie picha

Salma: Mnakula nini jamani

Mama Salma: Mkate wa asubuhi, mzee anaufuata kwa miguu. Ukipita saa sita mchana kila kitu kimefungwa mpaka saa nane, na Jumatatu usitegemee duka la kijijini. Kuna vijiji havina hata duka, kuna mashine tu unatia sarafu inatoa mkate. Kuku na nyama ya halali tunanunua tukipita mji mkubwa, siku nyingine samaki na mayai. Jana nimepika pilau ya kamba, majirani Waholanzi wakaja na sahani zao wenyewe. Gesi tu inanitia wasiwasi, mtungi wetu wa Kiingereza huku hawabadilishi, mdomo tofauti, kwa hiyo nachemsha maji mara moja naweka kwenye chupa

*Jumamosi, mwisho wa Juni*

Shangazi Zena: Kimya. Mmefika?

Shangazi Zena: Wifi?

Salma: Shangazi wameshuka Portsmouth jana usiku, wamelala njiani, baba hataki kuendesha usiku

Mama Salma: Tumefika nyumbani sasa hivi wifi, samahani, nilikuwa nafungua madirisha. Siku 39. Salama salimini, Kobe hajachubuka hata rangi. Jibini ya mama wa mbuzi ilibidi tuimalize kabla ya kupanda meli, toka Aprili 2025 Uingereza hawataki jibini wala nyama ya Ulaya kwa msafiri, basi tumekaa ufukweni Ouistreham mimi na mzee tunakula jibini na mkate mpaka ikaisha. Mafuta ya jozi yamefika, ile kokwa yenye sura ya ubongo, chupa moja yako akija mtu wa kuja Tanga

Ami Hamisi: Alhamdulillah. Sasa mnajisikiaje nyumbani

Mama Salma: Nyumba kubwa shemeji. Nimeita mzee ananijibu toka chumba kingine, wiki sita nilikuwa nikinyoosha mkono namgusa. Saizi yuko nje anamwosha Kobe, nimemwambia apumzike kasema tope la Coulon likikauka halitoki

Baba Salma: Bado gurudumu moja

Juma: Mjomba pole na safari. Anti, nimetoka Babati jana mtupu. Nimeshuka Kolo. Natuma picha sasa ivi, kuna na twiga mmoja mwekundu ukutani

Mama Salma: JUMA!! Tuma tuma

Shangazi Zena: Na mie wifi nitumie tena yule wa ngazini, simu imemfuta