Klachi ya pikapu yateleza nikipanda Wundanyi na mzigo, nibadilishe pleti tu ama seti nzima?

MzigoKongowea

Salaam wadau. Nina Hilux dizeli ya zamani kidogo, manyuali, makao yake hapa Kisauni. Kazi yake ni kupandisha saruji na vitu vya duka Wundanyi na Werugha, halafu nashuka na kabichi na mboga zingine mpaka Kongowea. Sasa shida iko hivi, kutoka Mombasa mpaka Voi haina neno kabisa, hata kile kilima cha Mazeras napanda vizuri, lakini nikishapita Mwatate nikianza zile kona ndio mambo yanaharibika, niko gia ya tatu nakanyaga mafuta injini inalia, mshale wa rpm unapanda lakini gari haiongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Nikiweka kando ipoe kidogo inashika tena kama hakuna kitu.

Nimeuliza mafundi watatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza anasema tukaze adjasta tu, ile skrubu ya kurekebisha pedali. Wa pili anataka tushushe giaboksi tubandike lainingi mpya, ule mkanda wa kusugua, kwa pleti ile ile ya klachi. Wa tatu anasema seti nzima, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hulishika, ikaskimiwe, yaani isawazishwe uso kwa mashine, na bei yake si mchezo. Pesa naweza kutafuta, ila sitaki kutupa. Na kusema kweli kinachoninyima usingizi ni ile siku klachi itaachia kabisa kwenye kona na turniboi wangu, kijana wa kunisaidia mizigo, amekaa nyuma juu ya mifuko. Mwenye ujuzi anisaidie tafadhali.

FundiMagongo

Waalaikum salaam mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Klachi inayoshika baridi ikateleza ikipata moto yaweza kuwa imekwisha kweli, lakini pia yaweza kuwa shida ya haidroliki, yaani mfumo wa mafuta ya presha, juu huko kwa pedali na pleti ikawa bado nzima, na mafundi wengi huruka hapo wakakimbilia kushusha giaboksi.

Anza na pedali. Ikanyage kwa kidole cha mkono, sharti iwe na pleyi, ile nafasi ya bure kabla hujahisi uzito, kwa Toyota nyingi za haidroliki ni kama milimita 5 mpaka 15. Ikiwa hakuna pleyi basi pistoni ya masta silinda, ile pampu ya pedali, hairudi mpaka mwisho, presha yabaki imefungiwa ndani, na mafuta ya klachi yakipata joto la injini yanapanuka yanasukuma rilizi beringi, ile inayoachia klachi, klachi yawa kama imekanyagwa nusu na wewe hujaigusa. Ndio maana huyo anayetaka kukaza adjasta simuungi mkono hata kidogo, ukikaza ukaimaliza pleyi utaiunguza klachi iliyo nzima. Siku ikiteleza huko Mwatate weka kando pahali salama, weka mawe kwa magurudumu, fungua ile nati ya kutolea hewa kwa silinda ya chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu na klachi ikashika papo hapo, ugonjwa ni masta silinda ama ile hozi ya mpira imefura ndani. Yakitoka polepole tu basi ugonjwa uko ndani kwa klachi yenyewe.

Jaribio la pili lafanyika hapa hapa mjini, pahali tambarare pasipo watu mbele. Hendibreki juu, gia ya nne, injini kama rpm 2000, achia klachi kwa utaratibu. Injini ifaa izime hapo hapo. Ikiendelea kuunguruma na gari imesimama, pleti imekwisha. Fanya mara moja tu usirudie rudie, jaribio lenyewe lachoma klachi.

Ikibidi kushusha giaboksi, mimi nasema seti nzima, pleti, presha pleti yenye springi ya kuibana, na rilizi beringi, na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili usiisahau. Kazi kubwa hapo ni kushusha na kupandisha, kuokoa beringi moja kisha mwezi ujao ushushe tena si hesabu. Flaiwili ikiwa na madoa ya buluu ama nyufa ndogo ndogo ikaskimiwe, na nyufa zikiwa za ndani ibadilishwe. Hapo hapo tazama sili ya nyuma ya krenki na sili ya mbele ya giaboksi, tone la oili likigusa pleti mpya kazi yote imekwenda na maji.

JuaKaliJomvu

Fundi nakuheshimu lakini msitishe watu na lainingi za kubandika. Mimi nimefanya hizo kwa malori ya mchanga na yanatembea mpaka leo, ukipigilia ribiti vizuri na ukapata lainingi ya maana si ya magumashi. Siyo kila mtu ana pesa ya seti, na hizo seti zenyewe madukani nusu ni feki, boksi la Exedy ama Aisin limepigwa chapa vizuri na ndani ni kitu kingine kabisa. Afadhali lainingi naiona kwa macho yangu.

FundiMagongo

Kwa feki uko sawa kabisa, tena yafaa watu waambiwe. Nunua kwa mtu atakayekubali urudishe, enda na pleti ya zamani uhesabu meno ya katikati na upime kipenyo, na uangalie chapa imepigwa kwa chuma chenyewe si kwa boksi pekee.

Lakini lori la mchanga la Jomvu kwenda Mazeras si gari la Wundanyi. Pleti si lainingi tu. Ina springi za katikati za kumeza mshtuko, na kati ya zile lainingi mbili kuna bati jembamba la mawimbi linalofanya klachi ishike taratibu. Pleti ikishaungua sana lile bati hunyooka na springi hulegea, ubandike lainingi ya dhahabu juu yake bado gari itatetemeka ukiondoa kwenye mlima. Na presha pleti iliyochemka springi yake haina nguvu ya awali, lainingi mpya yateleza vile vile. Ukitaka kujua pleti ya zamani imefika wapi, kwa Toyota kichwa cha ribiti chafaa kiwe ndani ya lainingi si chini ya milimita 0.3. Chini ya hapo ribiti yaanza kuchora flaiwili.

MamaWerugha

Mimi si fundi lakini barabara hiyo naijua, napanda na Probox manyuali kufuata mboga na nimeona wengi wakikwama pale juu na moshi unatoka chini ya gari.

Ndugu, sana sana klachi inaungulia kwa kusimama. Lori mbele yako limepunguza kwenye kona, dereva badala ya kuvuta hendibreki anashikilia gari kwa klachi, mguu nusu na mafuta kidogo, anasubiri. Hapo pleti inasugua flaiwili bila kushika na yote inageuka joto. Gari na mzigo ikiwa tani 2 na nusu kwenye mlima wa asilimia 10, mlima unaivuta nyuma kama kwa kilo 250, na uzito wote huo umeubebesha kile kipande cha lainingi. Tabia hii watu tunaitoa hapa hapa Likoni, foleni ya feri kwenye ule mteremko, na maji yakipwa ndio unakuwa mkali zaidi, mtu anapanda kutoka kwa feri robo hatua robo hatua kwa klachi. Vuta hendibreki. Achia klachi mpaka uhisi gari inataka kwenda, pua inainuka kidogo, ndio ushushe hendibreki, na ukishaondoka toa mguu kabisa kwa pedali usiupumzishe hapo.

Halafu shusha gia mapema kabla ya kona, usingoje injini ichoke. Ukiwa juu kule hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1000, na Wundanyi ni zaidi ya mita 1300 kutoka usawa wa bahari. Hiyo gia ya tatu unayoitaja na saruji nyuma mimi ningekuwa ya pili zamani sana. Na kushuka na kabichi usikanyage klachi ukaachia gari iteremke yenyewe, gia ya pili, injini ikushikie, breki ziguse guse tu. Na huyo kijana wa juu ya mifuko mwambie akae mbele na wewe.

DerevaLushoto

Mkuu, huku kwetu Mombo kupanda Lushoto shida ni hiyo hiyo. Kama pikapu yako ni fobaifo tumia ile gia ndogo, 4L, gari inapanda kwa mwendo wa kutembea na klachi haiumii kabisa maana ukishaachia inashika moja kwa moja.

FundiMagongo

4L ni sawa kwenye vumbi na tope, kwa mfano ukiacha lami huko juu. Kwenye lami kavu na kona kali usiiweke, Hilux za aina hiyo hazina difu ya katikati, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanatembea mwendo tofauti kwenye kona na kitu lazima kivunjike.

MzigoKongowea

Asanteni sana wote, nimefuata. Pleyi ya pedali ilikuwepo, lile jaribio la gia ya nne injini haikuzima, tukashusha giaboksi. Ribiti zimefika juu kabisa, presha pleti ina madoa ya buluu duara zima, na ndani kuna unyevu wa oili, fundi anasema ni sili ya nyuma ya krenki. Seti nimepata na sili tumenunua, flaiwili imekwenda kuskimiwa. Mama Werugha, turniboi atakaa mbele, nimemwambia jana. Swali la mwisho, naweza kupakia saruji siku hiyo hiyo ikitoka gereji? Mteja wa Wundanyi ananipigia kila saa.

FundiMagongo

Hapana, mwambie mteja asubiri. Klachi mpya yataka kama kilomita 500 za taratibu ili lainingi ikae sawa na flaiwili, na ziwe za mjini, kuondoa na kusimama, Kisauni, Nyali, Changamwe. Zile za kwenda Voi hazisaidii sana kwa sababu huko klachi huikanyagi. Ukiipeleka mlimani na tani moja ya saruji, yaani mifuko 20, siku ya kwanza, itang'aa kama kioo na haitashika tena vizuri.

Mwambie fundi asafishe flaiwili na presha pleti kwa spiriti kabla ya kufunga, mana presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka na kufuta, isibaki bonge. Bolti za presha pleti akaze kidogo kidogo kwa msalaba, asikaze moja mpaka mwisho. Mafuta ya klachi mwageni yote mweke mapya ya chupa iliyofungwa, hapa kwetu hewa ina unyevu na hayo mafuta hunywa maji. DOT 3, aina ya hayo mafuta, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji yaweza kuchemka kwa 140 tu. Toeni hewa mpaka pedali iwe ngumu, pimeni pleyi tena, na safari ya kwanza ya Wundanyi pakia mifuko 10.