Boksi la pili la spika kwa gitaa la besi

Swali: Ndugu wanamuziki, napiga besi katika bendi ya dansi, na amplifaya yangu ya wati 500 imeandikwa kuwa kikomo chake cha chini ni omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika). Je, nikiongeza boksi la pili la omu 8 juu ya lile nililonalo la omu 8, nitaiunguza?

Jibu: Hutaiunguza, kwa kuwa maboksi hayo yakiunganishwa sambamba, yaani umeme ukigawanyika kati yake, kwa pamoja hufanya omu 4. La tatu usithubutu, maana utashuka chini ya kikomo hicho.

Jibu: Naafiki. Kuongeza wati maradufu huongeza ukubwa wa sauti kwa desibeli 3 tu, ilhali boksi la pili husukuma hewa zaidi. Tumia waya wa spika, kaka, kwani ule wa gitaa ni mwembamba na hupata moto.

Muulizaji: Nashukuru, kumbe nilikuwa nikitumia wa gitaa.