Taili ukuta wa jikoni, fundi kataja elfu 80, ni sawa?

Habari wakuu, nataka kupiga taili nyuma ya sinki na jiko, urefu mita 3 kimo sentimita 60, fundi kasema elfu 80 ya ufundi tu, vifaa juu yangu. Niko Mbagala.

— Mkuu hiyo ni skwea mita 1.8 tu, ila kazi ndogo fundi anahesabu siku yake, kukata matundu ya soketi na bomba kunakula muda. Ongea naye mfike 60.

— Nunua taili za skwea mita 2 kabisa, zingine zitavunjika. Na kama ukuta una rangi ya mafuta fundi augongegonge kwanza rangi itoke, fundi wangu hakugonga, miezi 4 tu zikadondoka, rangi imeng'ang'ania kwenye gundi mgongoni mwa taili. Iliniuma sana.