Msingi wa mita 6 kwa 9, kona kwa kona hazilingani

Mjenzi_Muyeye
Asalaam aleikum. Ninajenga vyumba viwili vya duka hapa Malindi, nje kwa nje mita 6 kwa 9. Mbele ni kigingi A na B, nyuma ya B kuna C, nyuma ya A kuna D. Pande zote nne zimetimia: 9, 6, 9, 6. Lakini A hadi C ni mita 10.90, na B hadi D ni 10.73. Kona ya A tuliipiga skwea (pembe mraba) kwa pembetatu ya sentimita 30, 40 na 50. Fundi anasema tofauti ni ndogo, plasta itaificha. Ni kweli? Na kigingi kipi kisogezwe?

Timazi
Waleikum salaam ndugu. Usichimbe bado. Plasta ni sentimita moja, moja na nusu. Wewe nyuma umehama sentimita 10.

Hesabu yake: 6 mara 6 ni 36, 9 mara 9 ni 81, jumla 117. Kipeuo cha pili ni 10.817, yaani mita 10 na sentimita 81.7. Hiyo ndiyo kona kwa kona yako, zote mbili.

Kujua usogeze kiasi gani, chukua tofauti (0.17), zidisha kwa 10.82, kisha gawa kwa 18, ambayo ni mara mbili ya upande wa mita 9. Unapata 0.102. A na B usiziguse. AC ndiyo ndefu, kwa hivyo C iingie sentimita 10 kuelekea D, na D itoke sentimita 10 kwa mwelekeo huo huo, juu ya uzi ule ule wa nyuma. Ule upande wa mita 6 hautabadilika zaidi ya milimita moja. Pima tena, zikitofautiana chini ya sentimita moja, funga.

Ukijenga hivyo hivyo, utaona ubaya wake kwenye paa: mabati yatatoka kwa ngazi ngazi ukingoni. Chini nako, vigae vya sakafu kando ya ukuta vitakatwa kabari, upande mmoja sentimita 10, upande wa pili sifuri.

Fundi_Barani
Timazi amesema sawa, lakini chanzo ni ile pembetatu. Kwenye 30-40-50, kosa la milimita 4 tu kwenye upande wa 50 linatosha kuleta zile sentimita 10 kwenye mita 6. Milimita 4 ni unene wa msumari wa inchi 4! Tumia mita 3, 4 na 5. Kosa lile lile la milimita 4 litakupa sentimita moja tu.

Halafu angalieni tepu. Ile ndoano ya mwanzo hucheza kidogo, na imetengenezwa icheze, ila ikipinda inadanganya. Anzeni kwenye alama ya 10, mtoe 10 mwishoni, na wote wawili mlioshika tepu mkubaliane kabla. Kuisahau hiyo 10 ni kosa linaloharibu misingi. Pimeni msumari kwa msumari juu ya vigingi, tepu ivutwe ilale sawa. Kwenye mchanga wetu, kigingi cha mvinje cha futi moja hutikisika; kiwe futi mbili.

Na jambo moja watu hawalijui: kona kwa kona kulingana peke yake hakutoshi. Mbele ikiwa 9.00 na nyuma 8.90, zikapungua sawa kila upande, kona kwa kona zitalingana na nyumba haiko skwea. Pande zinazotazamana kwanza, kona kwa kona baadaye.

Mkaa_Langoni
Kwetu Lamu kuna la kuongeza kwa anayeunga chumba kwenye nyumba ya zamani. Usianzie kwenye ukuta wa zamani hata ukionekana umenyooka. Vuta uzi wako pembeni yake, upime pengo kila mita moja, skwea itoke kwenye uzi.

Asiye na tepu ndefu afunge kamba vipande 12 vilivyo sawa, avute 3, 4 na 5. Kipimo chochote kinafaa, hata dhiraa, mradi mkono uwe wa mtu mmoja. Kamba isiwe ya nailoni, hunyumbuka.

Mjenzi_Muyeye
Nashukuru sana. Tumesogeza: 10.82 na 10.815. Sasa zege. Mtaro una upana wa sentimita 60, unene wa zege 20, unene wa ukuta 20, na kuna ukuta mmoja wa kati unaokwenda sambamba na ule upande wa mita 6. Je, nizidishe mzunguko wa mita 30?

Timazi
Hapana, pima katikati ya ukuta: 8.8 na 5.8, mara mbili, ni mita 29.2. Ukuta wa kati ni 5.8 toa 0.6, kwa sababu ncha zake mbili zimeshahesabiwa, inabaki 5.2. Jumla 34.4, mara 0.6, mara 0.2: mita za ujazo 4.13. Agiza 4.5, maana mtaro wa mchanga hubomoka kingo na kuwa mpana kuliko ulivyochora.