Mjadala: Je, Kiswahili kiingizwe sasa katika mtihani wa darasa la saba Uganda?

Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda, nikiwa mzazi wa mtoto wa darasa la nne. Hoja iliyo mbele yetu ni ya wanaotaka Kiswahili kiwe somo la tano katika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia mapema iwezekanavyo. Wanakumbusha kwamba marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kiwe somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Nakipenda Kiswahili na ndicho ninachofanyia biashara kila siku, lakini pendekezo la kukitahini sasa hivi nalipinga.

Juzi nilifungua daftari la Kiswahili la mwanangu. Kurasa tatu za kwanza ni salamu, zote za muhula wa kwanza. Ukurasa wa nne una umoja na wingi: mtoto, watoto; kitabu, vitabu; meza, mameza. Neno hilo la mwisho limewekewa alama ya vema kwa wino mwekundu. Baada ya hapo daftari ni jeupe, maana kipindi kile siku hizi ni cha hisabati. Nilipomwambia kwamba meza hubaki meza hata zikiwa kumi, alinijibu kwa heshima kabisa, "Lakini baba, mwalimu ametia vema." Mtoto huyuhuyu sokoni huwasikia akina mama wakisema "sogeza hizo meza", naye huelewa na kusogeza.

Simlaumu mwalimu yule. Alisomea kufundisha Kiingereza na maarifa ya jamii, akapewa Kiswahili kwa sababu tu alionekana anakisema na madereva wa malori. Kukisema ni jambo moja, na kukifundisha, hasa ngeli zake na upatanisho wake, ni kazi nyingine inayohitaji kusomewa.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe. PLE ina masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi, na maarifa ya jamii pamoja na elimu ya dini. Kila somo hupewa daraja kuanzia 1, ambalo ni bora, hadi 9, ambalo ni kufeli, kisha madaraja hayo hujumlishwa, hivyo jumla bora kabisa ni 4, na anayezidi 12 hukosa kundi la kwanza. Tukiongeza somo la tano leo, shule ya kulipia mjini Kampala itaajiri mwalimu kutoka Kenya kabla muhula haujaanza, ilhali mtoto wa Karamoja au wa kijiji cha Kisoro ataletewa 8 au 9 katika lugha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, na nafasi yake ya sekondari itapotea kwa kosa lisilo lake.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito: nchini kwetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Daftari la mwanangu ni ushahidi wao. Hata hivyo, mtihani huondoa uzembe wa shule yenye mwalimu. Mwalimu asiyekuwepo hauwezi kumleta. Isitoshe, wapo wazee wetu ambao Kiswahili walikisikia kwanza kutoka kwa askari waliowasimamisha barabarani, na ambao wanakumbuka Idi Amin akikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Lugha iliyokwisha kuja mara moja kwa amri, nisingependa ije mara ya pili kwa hofu ya kufeli.

Ninachopendekeza ni kwamba vyuo vya ualimu vitoe kwanza walimu wa Kiswahili, na mwalimu mmoja aliyefuzu agawanywe kati ya shule mbili au tatu jirani. Darasa la nne na la tano wajifunze kwa mdomo zaidi: kuuza na kununua, kuelekeza njia, kusimulia hadithi. Kipindi hicho kilindwe kisichukuliwe na somo jingine, na wakaguzi wa wilaya wakiulizie wanapozuru shule. Karatasi ya PLE ije pale kila wilaya itakapokuwa imepata walimu wake, wala si kabla.

Wanaoniona nachelewesha mambo nawaomba wajibu swali hili kwa mifano ya shule wanazozijua, hasa ndugu mlioko Gulu, Arua, Masaka na Kabale: muhula huu, darasa la nne lina vipindi vingapi vya Kiswahili kwenye ratiba, vingapi kati ya hivyo vinafundishwa kweli, na anayefundisha alisomea nini?