Tupeane uzoefu: kujua kuendesha gari kuna uzito gani katika kuchagua mwenza?

Mjomba wa Mwanga, Kigoma (mleta mada)

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na kwa wengine wote habari za jioni.

Naleta jambo ambalo limetugawa katika ukoo wetu, nami naomba tulizungumze kwa utulivu. Mpwa wangu, binti aliyeajiriwa Kasulu, ameletewa posa na kijana ambaye hakuna aliyemtilia shaka kwa tabia, kwa dini wala kwa kazi yake. Hata hivyo binti amesita kutoa jibu kwa hoja moja tu, kwamba kijana hajui kuendesha gari. Baba zake wadogo wanasema hicho ni kibri cha vijana wa siku hizi. Shangazi yake anasimama upande wa binti, na vikao viwili vya familia vimevunjika bila mwafaka.

Mimi siioni kuwa hoja ya kibri. Kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu ni karibu kilomita 90, mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, wazazi wetu wengi wako vijijini, na usiku ukishaingia hata michomoko, yale magari madogo ya abiria, huwa haipatikani tena. Ni kweli kwamba wazee wetu waliishi bila gari na ndoa zao zikadumu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi safari ya mtu wa huku ilikuwa treni, mashua au miguu yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza mchumba habari za usukani. Leo Malagarasi ina daraja, lami imesogea, na nyumba nyingi za watumishi zina gari dogo lililonunuliwa kwa mkopo wa kazini. Gari likishakuwapo uani, swali la nani atakayeliendesha haliepukiki.

Ninachotaka kujua kutoka kwa waliotangulia ni nini hasa hutokea ndani ya nyumba ambamo mmoja anajua kuendesha na mwenzake hajui. Tafadhali tusimulie yaliyotupata wenyewe, ya jirani tuyaache.

Mama wa Mwandiga

Shikamooni wakubwa zangu. Nachangia nikiwa mke anayeendesha, mwenye mume asiyeendesha.

Mume wangu amekulia Kibirizi, na kazi yake ni ziwani. Anaweza kuipeleka mashua yenye mzigo hadi vijiji vya kusini usiku wa giza kwa kuangalia vivuli vya milima, na injini ikizima katikati ya maji huifungua na kuiwasha tena bila kutetereka. Gari halijawahi kumvutia. Mimi nilijifunza kabla hatujaoana, kwa sababu biashara yangu ni mawese, na kukodi gari kila nilipopata mzigo kulikuwa kunakula faida yote.

Mawifi zangu walisema kwamba nimemweka kaka yao kiganjani, na wapo waliokuwa wakisimama barabarani kututazama tukipita, mimi kwenye usukani na yeye upande wa pili. Yeye aliwajibu mara moja tu, mbele ya mama yake, kwamba yeye ndiye aliyeniomba nimpeleke, na kwamba hata wao wakiugua ni mimi nitakayewapeleka hospitali. Maneno yakaisha.

Napenda mleta mada ajue jinsi safari zetu zinavyokwenda. Kabla sijawasha, mume wangu hufungua boneti, akatazama maji na oili, akabonyeza kila tairi kwa kisigino, kisha akapanda nyuma kukagua madumu. Kila kifuniko hukizungusha kwa kidole gumba hadi kigome, kwa maana dumu moja likivuja, gari zima hunuka mawese kwa muda mrefu. Baada ya hapo huketi, akashika bahasha yenye kadi ya gari, bima na leseni yangu, ili askari wakitusimamisha nisihangaike kutafuta. Sijawahi kujiona nina mume pungufu. Kama angekuwa ananuna kila ninaposhika usukani, au ananipangia safari zangu za biashara ilhali hajui barabara, hapo ndipo ningekuwa na la kulalamikia.

Kijana wa Nguruka

Mimi nina leseni ya daraja A tu, ya pikipiki, na mchumba wangu hakuwahi kuniuliza habari za gari. Aliniuliza kama huwa ninavaa kofia ngumu na kama ninayo ya pili kwa ajili yake. Nikamwonyesha zote mbili. Kwa kipato chetu gari halipo hata katika mipango ya karibu, kwa hiyo ningeshangaa kukataliwa kwa kukosa ujuzi wa chombo ambacho hatuna.

Fundi wa Ng'ambo, Tabora

Mwangaluka. Nimekuwa fundi wa magari tangu ujana wangu, na gereji ni mahali ambapo mtu huona mengi ya wanandoa bila kuuliza.

Nilipooa, mke wangu hakuwa amewahi kugusa usukani, nami sikuliona kuwa jambo la kumpunguzia sifa. Niliamua mapema kwamba atajifunza, na niliamua pia kwamba sitamfundisha mimi. Nimepokea magari mengi yaliyogongwa kwenye nguzo na kwenye miembe ya barabarani, mume akiwa ndiye mwalimu, na mara nyingi kilichosababisha ajali kilikuwa kelele. Mume anapopiga kelele "breki!", mke anashtuka na kukanyaga mafuta. Mwalimu wa chuo cha udereva ana subira ya kazi yake, na mwanafunzi akikosea leo, kosa hilo halitatajwa mezani wakati wa chakula cha usiku. Kwa hiyo nililipa ada, nikamsindikiza kuchukua leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena, na kazi yangu ikabaki kumpa gari la mazoezi siku za Jumapili asubuhi na kukaa kimya pembeni yake. Kukaa kimya ni kazi ngumu, lakini inawezekana.

Alifaulu vizuri hapa Tabora, ambako ardhi ni tambarare na mtu anaweza kuendesha mwaka mzima bila kukutana na mwinuko wa maana. Kisha kazi ikampeleka Kigoma. Wanaopajua wanakumbuka barabara inayopanda kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga. Siku ya kwanza kusimama pale, na gari la mtu likiwa karibu nyuma yake, alinipigia simu jioni akiwa na hofu ya kweli, akasema gari lilirudi nyuma. Nilimweleza kwa simu: vuta hendibreki, ingiza gia ya kwanza, kanyaga mafuta kidogo, achia klachi taratibu mpaka uhisi pua ya gari inataka kuinuka, ndipo ushushe hendibreki. Nikamwomba aende mahali penye mteremko mdogo, pasipo na watu, alirudie zoezi hilo hadi mguu ulizoee. Leo anapanda Mwanga na mzigo.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu nataka binti huyo wa Kasulu aelewe kwamba udereva ni ujuzi wa mikono na miguu, na kwamba mtu mwenye utulivu na adabu hujifunza upesi. Ningekuwa shangazi yake ningetazama kama kijana ni mtu anayekubali kufundishwa, na kama yeye mwenyewe akimfundisha mwingine huwa hapandishi sauti.

Mkazi wa Urambo

Naandika jambo ambalo mume wangu amenipa ruhusa kulisimulia. Yeye anajua kuendesha tangu kabla hatujafahamiana, na kwa muda mrefu funguo za gari zilikuwa zake peke yake. Hakunikataza kwa maneno makali, ila kila nilipotaja kujifunza alisema, "Unataka kwenda wapi ambako sikupeleki?" Nilikuwa nalichukua neno hilo kuwa ni upendo, na naamini naye alikuwa analisema kwa upendo.

Mume wangu ana kisukari na hutumia sindano. Usiku mmoja wa masika sukari ilimshuka. Niliamka nikamkuta ametota jasho, maneno yake hayaeleweki, na nilipompa maji ya sukari alimeza kidogo tu, kisha akaanza kusinzia, nami nikaogopa kumwongezea asije akapaliwa. Gari lilikuwa uani, na mafuta yalikuwamo. Funguo zilikuwa juu ya meza, karibu na miwani yake, nami nilizishika mkononi nikasimama pale mlangoni nikijua kwamba hazina faida yoyote kwangu. Dereva wa bodaboda niliyempigia alikuja, lakini mtu aliyelegea hivyo hakai kwenye pikipiki. Tulihangaika mpaka mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye aliwahi kuwa dereva wa malori ya tumbaku, alipokuja kwa miguu kwenye mvua akatuendesha hadi hospitali. Mume wangu alipona.

Yeye ndiye aliyekwenda kunilipia ada ya mafunzo, na hakusubiri nimwombe. Sasa kuna funguo za pili, na zinatundikwa mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua.

Kwa hiyo mjomba wa Mwanga, mimi nauliza tofauti na ulivyouliza wewe. Mchumba anayejua kuendesha lakini asiyetaka mkewe ajue ana hatari kubwa kuliko mchumba asiyejua kabisa, maana huyo wa pili angalau hataifanya nyumba imtegemee yeye mmoja. Kijana huyo aliyeleta posa aulizwe: gari likipatikana, mkeo atajifunza?

Mjomba wa Mwanga, Kigoma (mleta mada)

Dada wa Urambo, nakushukuru wewe na shemeji yetu kwa ruhusa hiyo, na namwombea afya. Swali lako ni zito kuliko langu, nami nitalifikisha.

Kwa faida ya wasomaji wengine niongeze kwamba asiwepo wa kushika usukani bila leseni kwa kisingizio cha dharura aliyoitabiri mwenyewe. Leseni ya gari dogo la binafsi ni daraja D, mwombaji awe ametimiza miaka 18, apitie mafunzo na apimwe na askari wa usalama barabarani, na leseni ikitoka hudumu miaka 5. Ni njia fupi kuliko mipango ya harusi yoyote niliyowahi kuisimamia.

Mwalimu wa Ujiji

Naomba nisemee kundi ambalo halijatajwa. Mimi siendeshi na sitaendesha. Nina kifafa, ninatumia dawa kila siku, na daktari alinieleza waziwazi kwamba nisishike usukani. Watu wanaponiona nimesimama kituoni na vitabu mkononi hudhani kwamba sina uwezo wa kununua gari au sikuwa na bidii ya kujifunza.

Nilipoanza uchumba nilimweleza mwenzangu siku ambayo bado ilikuwa rahisi kwake kuondoka. Nilimwambia jina la ugonjwa, dawa ninazotumia, nini cha kufanya nikianguka, na kwamba hatakuwa na mume wa kumwendesha. Aliomba muda wa kufikiri, akaenda kuzungumza na mama yake, kisha akarudi na swali moja: je, nitakubali yeye aendeshe, na nitakubali kukaa kiti cha nyuma na watoto ikibidi? Nilikubali. Tumepanga fungu la bajaji katika bajeti ya mwezi kwa siku ambazo ratiba zetu hazilingani, na fungu hilo haliguswi kwa matumizi mengine.

Mjomba, je, kuna mtu katika vikao vyenu aliyemuuliza kijana kwa nini haendeshi? Inawezekana hakupata nafasi tu. Inawezekana pia ana macho mabovu, au alipata ajali akiwa mdogo, au ana ugonjwa anaoona haya kuutaja mbele ya wazee. Akiulizwa faraghani na binti mwenyewe, kwa heshima, jibu lake litasema mengi kuhusu ukweli wake, na ukweli wa mchumba binti anauhitaji kuliko huduma ya dereva.

Dada wa Ipuli, Tabora

Nami nina swali fupi. Binti mwenyewe anajua kuendesha?

Mjomba wa Mwanga, Kigoma (mleta mada)

Hajui, dada yangu. Nimempigia simu leo baada ya kusoma michango yenu, nikamsomea swali la mwalimu na swali la Urambo. Amesema ataonana na kijana mwishoni mwa juma akiwa na shangazi yake, na yote mawili atayauliza yeye mwenyewe. Nilipomuuliza kuhusu yeye kujifunza, alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua aanzie wapi na aanze lini. Fundi, tafadhali tusaidie hapo.

Fundi wa Ng'ambo, Tabora

Aanze kiangazi, barabara zikiwa kavu, ili matope yamkute akiwa tayari na mazoea ya klachi na breki. Aombe chuo kimwonyeshe usajili wake kabla ya kulipa ada, na VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, nao wana vituo Kigoma na Tabora, kwa hiyo aulize huko pia. Ajifunze kwa gari la gia za mkono hata kama ndoto yake ni otomatiki, kwa sababu usiku wa dharura huchagui gari la jirani. Na kama majibu ya kijana yatamridhisha, waende wote wawili darasa moja lakini kila mmoja na zamu yake ya usukani, mwingine akisubiri nje ya gari.